Mzee Umberto, mbwa wake na msichana wa jikoni

Swali: Mwalimu mmoja wa sekondari mkoani Morogoro ametuandikia baada ya kuitazama filamu ya Kiitaliano iitwayo Umberto D., ya mwaka 1952, ambayo alikuwa akisikia ikitajwa miongoni mwa kazi kubwa za sinema. Lalamiko lake, kwa ufupi, ni hili: mzee mstaafu anadaiwa kodi ya chumba, na karibu filamu nzima anahangaika na mbwa wake, ilhali mbele yake amesimama msichana wa kazi mwenye mimba ya miezi mitatu, naye mzee hamsaidii kwa lolote la maana. Anauliza kama kweli tunatakiwa kumhurumia mtu wa namna hiyo, kwa nini dakika kadhaa zimetumika kumwonyesha msichana akiwasha jiko tu, na kama anaweza kuwaonyesha filamu hii wanafunzi wake wa kidato cha tatu.

Jibu: Mwalimu, umeona sawasawa. Mzee Umberto Domenico Ferrari hamwoni Maria, au tuseme anamwona nusunusu, kama mtu anayeumwa jino anavyomsikiliza jirani yake. Wengi wanaoisifu filamu hii hupapita haraka mahali hapo, wakakimbilia machozi ya mzee na mbwa, kwa hiyo nimefurahi kwamba wewe umekwama papo hapo. Nitajaribu kukuonyesha kwamba upungufu huo ni wa mzee na si wa filamu: mwongozaji Vittorio De Sica na mwandishi wake Cesare Zavattini waliupanga kwa makusudi, na zile dakika za jikoni zilizokuchosha ndizo ushahidi wa jambo hilo.

Niseme kwanza machache kuhusu mkondo uliozaa filamu hii. Baada ya utawala wa Mafashisti kuanguka na vita kwisha, kundi la watengeneza filamu wa Italia waliachana na hadithi za kumbi za kifahari wakaelekeza kamera kwa watu waliokuwa wakiishi katika magofu na foleni za mkate. Mkondo huo huitwa uhalisia mpya. Alama zake zinajulikana: mitaa halisi, watu wasio waigizaji wa fani, na matatizo ambayo hayatatuliwi kwa sababu tu filamu imefika mwisho. Hata hivyo usizichukue alama hizo kama amri za dini. Chumba cha mzee Umberto na jiko la Maria, ambavyo vinaonekana vya kweli mno hata unahisi harufu ya ukuta, vilijengwa ndani ya studio za Cinecittà mjini Roma. Uhalisia wa De Sica haukutegemea ukuta umejengwa wapi, bali muda aliokuwa tayari kuutumia akimtazama mtu aliyesimama mbele ya ukuta huo.

Filamu za awali za wawili hawa zilikuwa na maskini ambao ni rahisi kuwapenda. Mwaka 1946 walituonyesha watoto wang'arisha viatu wa Roma wanaoishia gerezani. Mwaka 1948 wakatuonyesha kibarua aliyeibiwa baiskeli ambayo bila hiyo hana kazi, akiwa na mwanawe mdogo ubavuni. Mtoto akiwa ubavuni mwa baba, mtazamaji hana ujanja, moyo unalainika wenyewe. Katika Umberto D. wakaondoa msaada huo. Mhusika mkuu ni mzee wa watu wa ofisini, mtumishi wa serikali aliyestaafu, anayevaa kofia na tai, mwepesi wa kununa, anayependa kukumbusha watu kwamba yeye si mtu wa hivi hivi. Ufukara wake ni wa aina nyingine. Katika miaka ya vita na baada yake bei nchini Italia zilipanda mara makumi, na aliyeishi kwa malipo ya kila mwezi yasiyobadilika akajikuta anashuka ngazi bila kusogeza mguu. Ndiyo maana filamu inafunguka kwa maandamano ya wastaafu wakidai nyongeza ya pensheni, wazee wa makoti na mabango, ambao polisi wanawatawanya kwa magari kwa sababu hawakupata kibali. Hakuna anayepigwa risasi. Wanakimbia tu, wakihema, wakijificha kwenye korido za nyumba za watu, na ukiwatazama vizuri utaona kwamba kinachowauma zaidi ni kule kukimbizwa.

Waswahili tuna neno sitara, na nadhani bila neno hilo mtazamaji wetu anaweza kumkosa mzee huyu kabisa. Kuna maskini ambaye umaskini wake uko wazi na kila mtu anaujua, na kuna yule anayejisitiri: nguo yake moja anaifua usiku aivae asubuhi, akikaribishwa chakula anasema ameshiba. Umberto ni huyu wa pili, na filamu nzima ni hesabu ya namna sitara hiyo inavyovuliwa pindo baada ya pindo. Anadaiwa kodi ya lira 15,000. Anauza saa yake, anauza vitabu vyake, na vyote pamoja havifikii hata nusu ya deni. Katika ukumbi wa chakula cha bei ya chini anamteremshia mbwa sahani chini ya meza kwa ujanja wa mtoto wa shule. Anapohitaji chenji ili amlipe dereva wa teksi na hakuna anayekubali kumvunjia noti, ananunua glasi asiyoihitaji, anachukua chenji, kisha anaitupa glasi. Fedha hana, na bado analazimika kuzitupa. Sijui kama kuna mchumi aliyewahi kulieleza jambo hilo kwa ufupi kuliko hivyo.

Tukio ambalo ningependa ulirudie ni lile la mbele ya Pantheon, lile jengo la kale la Kirumi lenye nguzo nene. Umberto amesimama kando ya nguzo akijizoeza kuomba. Ananyoosha mkono kidogo, anaurudisha, anaunyoosha tena. Mpita njia anamwona, anasimama, anatia mkono mfukoni; na papo hapo mzee anaugeuza mkono, kiganja chini, anatazama juu, kana kwamba alikuwa anapima kama mvua imeanza. Mtu yule anaondoka na pesa zake. Kisha mzee anampa mbwa wake, Flike, kofia aishike kwa meno na kusimama kwa miguu ya nyuma, naye mwenyewe anajificha nyuma ya nguzo. Anatokea mtu mkubwa anayemfahamu, anamtambua mbwa, na mzee analazimika kutoka mafichoni na kujifanya kwamba mbwa alikuwa anacheza tu. Hakuna muziki wowote duniani unaoweza kueleza fedheha kama kiganja kile kinavyogeuka. Lakini angalia pia jambo ambalo halisemwi sana: aibu asiyoiweza yeye amemtwisha mbwa. Huo ndio udhaifu uleule unaoulalamikia kwa habari ya Maria, nao umeoneshwa bila kufichwa.

Mama mwenye nyumba, Antonia, sitakaa naye sana. Wakati wa vita alimwita Umberto babu. Sasa ana mchumba mwenye jumba la sinema, ana jioni za kuimba opera sebuleni, na chumba cha mzee anakikodisha kwa saa kwa wapenzi wa siri wakati mwenyewe hayupo. Ni mtu mbaya, na De Sica hakujisumbua kumtetea. Hapo pengine pana upungufu wa kweli wa filamu, kwa sababu mwovu aliyenyooka hivyo anatupunguzia kazi ya kufikiri.

Sasa Maria. Ni msichana wa shamba aliyekuja mjini kufanya kazi za ndani, analala kwenye kitanda kilichobanwa koridoni, na mimba yake ni ya mmoja kati ya askari wawili wa kambi iliyo jirani, mmoja wa Naples na mwingine wa Florence, ambao wote wawili wanaikana. Anajua kwamba siku mama mwenye nyumba atakapogundua, atafukuzwa. Anamweleza mzee habari hii kwa sauti ileile ambayo angemwambia maziwa yamekwisha. Mzee anashtuka, anasikitika, halafu anasema neno ambalo mwalimu wa lugha kama wewe huwezi kulisahau: kwamba mambo fulani huwapata watu kwa sababu hawajui sarufi. Yeye humfundisha Maria sarufi, na kwa akili yake hiyo ndiyo ngao pekee aliyo nayo ya kumgawia. Kwa upande mmoja ni upuuzi mtupu. Kwa upande mwingine si uongo, kwani asiyejua kusoma wala kuandika hutumiwa na kila mtu. Ila hakuna mnyambuliko wa vitenzi utakaomsaidia Maria mimba itakapofika mwezi wa saba.

Kejeli hiyo inakuwa kali zaidi ukijua nani anayesema maneno hayo. Carlo Battisti, anayemwigiza Umberto, hakuwa mwigizaji. Alikuwa profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha Florence, mzaliwa wa mwaka 1882, mmoja wa waandishi wawili wa kamusi kubwa ya asili ya maneno ya Kiitaliano iliyokuwa ikitoka juzuu kwa juzuu miaka hiyohiyo. De Sica alimwona akitembea barabarani mjini Roma akavutiwa na sura yake na mwendo wake. Kwa hiyo aliyeketi jikoni akimweleza msichana mwenye mimba kwamba tatizo ni sarufi ni mtu ambaye kweli aliishi kwa sarufi. Maria naye ni Maria Pia Casilio, mzaliwa wa 1935, ambaye hakuwa na uzoefu wowote wa kuigiza, ingawa baadaye alionekana katika filamu nyingine kadhaa. Jinsi anavyofumba na kufumbua macho polepole, kama mtu ambaye habari zote humfikia zikiwa zimechelewa, hakuna aliyemfundisha.

Turudi jikoni, asubuhi mapema. Maria anaamka, anajikokota hadi jikoni akiwa bado na usingizi. Anachukua njiti ya kibiriti, anaikwaruza ukutani. Haiwaki. Anakwaruza tena, mahali penye alama nyingi za njiti za siku nyingine, mpaka inashika, anawasha gesi, anabandika chombo cha maji. Anakwenda dirishani, paka anapita juu ya mapaa. Anawamwagia maji sisimizi wanaopanda ukutani, kazi ambayo ni wazi aliifanya jana na ataifanya kesho. Kisha, katikati ya shughuli hizo, anatazama tumbo lake. Hakuna muziki unaopandishwa ili kutushtua, wala kamera haiendi mbio kumfuata usoni. Anakaa, anaweka kisagio cha kahawa mapajani, anasaga, na machozi yanaanza kutoka huku mkono unaendelea kuzunguka. Mlango uko wazi. Badala ya kuinuka ananyoosha mguu, ananyoosha zaidi, mpaka ncha ya kidole inaugusa na kuusukuma ufunge. Jiko lenyewe ni dogo kiasi hicho, na uchovu wake ni mkubwa kiasi hicho, na hakuna aliyelazimika kutueleza.

Unauliza kwa nini. Zavattini alikuwa na imani moja aliyoirudia katika maandishi yake ya miaka hiyo, kwamba sinema ina kosa la kuyakimbia mambo ya kawaida kwa kudhani hayana kitu ndani yake. Mfano wake ulikuwa mwanamke anayekwenda kununua jozi ya viatu vya lira 7,000: filamu ya saa mbili, alisema, inaweza kutoka humo, ukiuliza tu fedha zilipatikanaje, nani mwingine alizihitaji, muuza viatu anaishi vipi. Alitamani kumfuata mtu nyuma nyuma, kama mpelelezi, bila kumkatiza. Mhakiki Mfaransa André Bazin, mmoja wa waanzilishi wa jarida la Cahiers du Cinéma, alipoliandikia tukio hili la jikoni alisema kwamba hapa kipimo cha hadithi si tena tukio, bali ni nyakati halisi za maisha zinazofuatana, na hakuna hata moja iliyo muhimu kuliko nyingine. Njiti na chozi vina uzito mmoja.

Mimi ningeongeza jambo ambalo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Katika dakika hizo Umberto hayupo. Yuko chumbani mwake, ana homa na mafindofindo, na ameshajipangia kwenda hospitali, ambako mgonjwa wa kitanda jirani atamfundisha kumwomba sista rozari ili aachwe alale siku chache zaidi bure. Hadithi yake imesimama ikamngoja msichana wa kazi asage kahawa. Katika filamu za kawaida za wakati ule, na hata katika nyingi za leo, dada wa kazi hufungua mlango, husema wageni wamefika, hutoweka. Hapa mlango ndio unaofungwa, na sisi tunaachwa ndani pamoja naye. Mzee anatazama ukingo alioufikia yeye na kudhani ndio mwisho wa dunia. Filamu inatuonyesha kwamba hatua chache tu kutoka kitandani kwake, koridoni, kuna mtu aliyezaliwa ng'ambo ya ukingo huo na ambaye hakuwahi hata kuwa na sitara ya kuivua. Mzee ana pensheni, hata kama haitoshi. Ana maandamano ya kwenda. Wasichana wa kazi wa Roma hawaandamani popote katika filamu hii.

Kuhusu mbwa, najua kwamba kwa wengi wetu, hasa watu wa pwani, mapenzi ya namna ile kwa mbwa yanaonekana kituko, na mwanafunzi atacheka. Mwache acheke, lakini mwombe ahesabu ni mara ngapi mzee angekuwa amekufa kama si Flike. Usiku mmoja, akiwa amerudi kutoka hospitali na kukuta mafundi wamekitoboa ukuta chumba chake, anakwenda dirishani na kutazama chini. Kamera inashuka ghafla kuelekea mawe ya barabara, na tunaelewa anachofikiria. Kisha anageuka, mbwa yupo kitandani, na hawezi. Si kwamba mbwa anampa raha. Ni kwamba huyu ndiye kiumbe wa mwisho ambaye bado anamtegemea, na mtu ambaye bado anategemewa hajawa bure kabisa. Ndiyo maana anajaribu kwanza kumtafutia pa kukaa: kwa watu wanaotunza mbwa kwa malipo, kisha kwa mtoto wa kike bustanini ambaye angempokea kwa furaha kama si yaya wake kukataa. Kabla ya hapo alikwishaona, kwenye kituo cha kukusanyia mbwa wazururaji, jinsi wasiokuwa na mwenyewe wanavyosukumwa katika kibanda wakauawe, na mtu mwingine aliyekosa fedha ya kumkomboa wake akisimama pale bila kujua aende wapi.

Serikali ya wakati ule haikuipenda filamu. Giulio Andreotti, aliyekuwa na dhamana ya masuala ya sinema serikalini na ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu mara saba, alimwandikia De Sica barua ya wazi mwaka 1952, akimlaumu kwamba ametoa huduma mbaya kwa nchi yake, nchi ambayo, alikumbusha, ni pia ya Don Bosco, yule padri aliyewalea vijana maskini, na ya sheria za kijamii zilizopiga hatua. Kwa fikra hiyo aibu ya maiti aijue mwosha tu. Haikuwa kauli ya mtu wa pembeni, kwa kuwa sheria ya mwaka 1949 inayohusishwa na jina lake ilikuwa imeipa serikali nguvu juu ya ruzuku za filamu na vibali vya kuziuza nje. Watazamaji wa Italia nao hawakujaa kwenye majumba ya sinema. De Sica, ambaye aliitengeneza kwa kumkumbuka baba yake aliyeitwa pia Umberto, aliihesabu miongoni mwa kazi alizozipenda kuliko zote.

Unaniuliza pia, kwa mistari michache mwishoni mwa barua yako, kama mwisho wake ni wa furaha. Mzee anamkumbatia mbwa mbele ya treni inayokuja. Mbwa anaogopa, analia, anachopoka na kukimbia, na kwa mara ya kwanza hamwamini. Treni inapita. Inabidi mzee ambembeleze kwa tunda kavu la msonobari, arushe, aokote, arushe tena, mpaka mbwa anasahau na wawili hao wanaondoka wakicheza kati ya miti, huku watoto wakikimbia mbele yetu. Deni halijalipwa, chumba hakipo, jioni itafika. Na Maria tulimwacha dirishani alfajiri, mzee alipoondoka na sanduku lake baada ya kumwachia ushauri kuhusu yupi wa wale askari amwache. Hatuambiwi kilichompata. Kwa miaka mingi nililiona hilo kama sahau; siku hizi nadhani ndivyo inavyokuwa mtu akiondoka nyumba aliyopanga.

Kuhusu darasa: filamu nzima ina mawazo ya kujiua yanayorudi mara mbili, kwa hiyo usiwaonyeshe yote bila wewe kuwapo na bila muda wa mazungumzo baadaye. Ningeanza na jikoni peke yake. Zima sauti, usiwaambie ni filamu gani wala ya nchi gani, na uwape karatasi waandike kila kitu ambacho msichana anakifanya, kitenzi kimoja kwa kila mstari: anakwaruza, anabandika, anamwaga, anatazama, anasaga, ananyoosha. Casilio alikuwa na umri wa wanafunzi wako wakubwa alipoigiza, na inawezekana humo darasani yupo anayemjua Maria kwa jina jingine, basi usiwalazimishe kusema. Wakimaliza, waulize ni katika kitenzi kipi walijua kwamba ana mimba.